Mstari wa Makaa Chini ya Chokaa

Ilianza Jumamosi, saa tisa na nusu za mchana, baba alipong'oa bati la mwisho la chumba cha kulala na jua likaingia mahali ambapo halikuwa limeingia tangu nyumba ijengwe.

Nilikuwa nimesimama mle ndani, mikono juu, nikisubiri kupokea bati. Maji yalinifika magotini. Chini ya miguu yangu hakukuwa na sementi, kulikuwa na mchanga. Ziwa lilikuwa limeuleta kidogo kidogo, na sementi yetu ilikuwa imezikwa huko chini. Sisi tulishahama tangu mvua za mwaka uliopita. Tunapanga vyumba viwili huko juu mlimani, mimi, baba na mama yake mzazi, ambaye tunamwita Nkambo. Nyumba hii ya bondeni ilikuwa ya babu, aliipata wakati anatumika kazi kwa shemendefere, yaani reli, enzi ambapo gari la moshi lilikuwa na saa zake. Sasa baba alikuwa anaibomoa kabla ziwa halijaibomoa. Mabati kwanza, halafu mbao, halafu matofali.

"Shika!" alipiga kelele kutoka juu. "Unaangalia nini huko? Kiboko?"

"Hapana, papa."

Nilikuwa naangalia ukuta wa nyuma ya mlango.

Ukuta ule ulikuwa mweupe kwa chokaa. Lakini chokaa ikikauka inaficha, na ikilowa inaonyesha, kama karatasi ya mandazi ikiingia mafuta. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda ndani ya matofali mpaka juu ya kichwa changu, na kwa sababu ya jua lile niliona, chini ya weupe, mstari mweusi. Ulipanda kutoka majini, ukajikunja kama bega, ukaingia shingoni. Juu ya shingo sikuona vizuri. Nilisogea, nikajua ni nini. Nikapokea bati, nikakatwa kidole.

Ule mstari niliuchora mimi. Nilikuwa na miaka sita. Mama alikuwa ameupaka ukuta ule rangi ya bluu yeye mwenyewe, juu ya ile ya njano ya shemendefere ambayo alisema inafanana na ugonjwa. Siku moja alinisimamisha nyuma ya mlango, akachukua kaa la jikoni, akanizungushia mstari mwili mzima, kuanzia mguu huu, kupita kichwani, mpaka mguu ule. Niliposogea nilijikuta nimebaki ukutani. Kisha akanipa kaa, akaegemea ukuta, akasema zamu yangu. Nikamchora yeye. Mwaka uliofuata alikufa. Kwa upande wa Nkambo, siku ya kumaliza matanga nyumba inapakwa chokaa, ili marehemu asirudi akaona mahali pake pakimngoja. Mashangazi walikuja na ndoo, wakaimba, wakapaka. Wakatupaka wote wawili, mimi na mama.

Sasa niseme kwa nini mstari ule ulinishika hivyo. Mama hana picha. Telefoni iliyokuwa na picha zake iliharibika, na kadi yake ya uchaguzi inaonyesha uso tu, uso wa muntu aliyeambiwa asicheke. Nina miaka kumi na sita na kuna jambo moja ninalolitaka ambalo hakuna anayeweza kunipa: nataka kujua kama nimemfikia. Nimeuliza. Mwaka jana baba aliweka kiganja sikioni mwake akasema, "Alinifika hapa." Krismasi nikamuuliza tena, akaweka begani. Nkambo yeye alisema, "Mama yako? Alikuwa mufupi kama kinu! Lakini mudomo ulifika darini." Baba alicheka, nami nikacheka, na usiku nililia kidogo kwa sababu sikujua nimecheka juu ya nani.

Kwa hiyo Jumamosi ile, baba alipobeba mabati kwenda barabarani, nilisimama ubavuni mwa mstari. Bega lake lilinifika chini ya kifua. Nikajiambia: ni mchanga, mchanga umeniinua. Nikaingiza mguu kutafuta sementi, sikuifikia. Nikahesabu kichwani: toa mchanga, ongeza shingo, ongeza kichwa. Kila mara jibu lilikuwa lingine. Nilihitaji kuona juu ya kichwa chake kunakoishia, basi. Chini ningechimba.

"Tofali tutaanza siku ya pili mchana," baba alisema, yaani Jumanne, tukipanda mlima, mabati yakilia kichwani mwake. "Kapita wetu wa kazi anatuma mukokoteni."

Nilimwambia kuhusu mstari. Nilikuwa nyuma yake, ni rahisi kumwambia baba kitu akiwa amenipa mgongo.

"Acha ukuta ule," alisema.

Karibu na stesheni kuna mchoraji ambaye watu wa kartie, mtaa wetu, wanamcheka. Alisoma kuchora Lubumbashi, akarudi, anakaa katika chumba kilichokuwa duka la mikate. Wachoraji wengine wa mji wanachora kile unachowaambia: chui, mama anatwanga, mapacha katika picha ya ukumbusho. Huyu anaokota. Maji yalipoanza kula nyumba za bondeni alipita mlango kwa mlango akiomba ngozi ya ukuta. Ndivyo anavyoiita. Anapaka ukutani uji mzito wa unga wa muhogo, anabandika kitambaa, anangoja jua likaushe, halafu anavuta, na rangi inatoka na kitambaa kama ganda la kidonda. Wamama walimwambia, "Papa, na taka za choo hutaki?" Alijibu, "Kama zina rangi, leteni."

Jumapili baada ya misa nilikwenda. Nilisimama mlangoni kwake nikiwa na viatu vya kanisani, nikashindwa kupiga hodi. Mimi ni muntu wa kushindwa kupiga hodi. Shuleni wananiita Redio Imekufa.

"Mutoto," ilisema sauti kutoka ndani, "usisimame mulangoni kama polisi. Ingia ao toka, unanizibia mwangaza."

Nikaingia. Alikuwa amepiga magoti sakafuni juu ya ubao mkubwa kuliko kitanda, anakwangua kwa msumari. Nilitazama ubao ule na mwanzoni sikuona kitu, nikaona uchafu, kama wanavyosema. Kisha nikaona kipande cha kijani, nikakijua: mlango wa jirani yetu, yule aliyeuza mafuta ya mawese. Lakini mlango ulikuwa umefungukia ndani ya stesheni. Ngazi ya kanisa ilishuka ikaingia jikoni kwa watu. Kulikuwa na gunia, tiketi za gari la moshi, kitenge kilichopauka, na juu yake rangi, na juu ya rangi kipande kingine cha ukuta, na mahali alipokwangua kwa msumari vilivyokuwa chini vilichungulia.

"Maji yako wapi?" niliuliza. Nilishangaa kusikia sauti yangu.

"Chini ya vyote. Ziwa njo kitu nilibandika kwanza." Aligonga ubao kwa kucha. "Watu wanafikiri limekuja juzi. Lilikuwa hapo, sisi njo tulibandikwa juu yake."

Halafu akaniambia mambo ambayo nilitamani kuyaandika, na nimeyaandika. Kwamba yeye hachori mahali, anabandika mahali juu ya mahali. Kwamba kichwani mwa muntu jiko la utotoni linakaa juu ya shule, na shule inakaa juu ya njia ya makaburini, na ukitaka kwenda moja unapita nyingine. Kwamba hakuna kinachopotea, kinakuwa chini tu. Alisema vizuri. Lakini mimi nilifikiri, ni rahisi kusema hivyo wewe mwenye picha ya mama yako hapo ukutani, katika kadre ya kioo, yu mzima kuanzia kilemba mpaka viatu.

Nikamwambia haja yangu. Ilinitoka vipande vipande. Aliacha msumari.

"Makaa juu ya bluu," alirudia. "Chokaa juu ya makaa. Na chini ya bluu?"

"Njano. Ya shemendefere."

"Ile ya mafuta. Ile haitoki hata kwa shoka, ni sawa, itabaki." Alisugua mikono. "Bon. Sikia. Nikivuta, chokaa itashika kitambaa, makaa yatashika chokaa, bluu itafuata. Tutaona kwa nyuma. Mama yako atakuwa amegeuka, kushoto kuwa kulia. Unakubali?"

"Nakubali."

"Lakini ukuta umelowa. Ukuta ukilowa unakuwa na kichwa kigumu. Unaweza kukataa."

"Mchana wa siku ya pili baba anavunja."

"Basi ni kesho. Na mimi sina kitambaa, nimemaliza. Lete gunia, lile la pamba, si la nailoni. Moja linatosha sehemu moja tu. Unataka sehemu gani? Mkono? Wengi wanataka mkono."

"Kichwa," nilisema. "Pale kinapoishia."

Gunia la pamba nyumbani lilikuwa moja tu. Nkambo alilishona kwa magunia mawili ya ngano ya zamani, na juu yake anaanika ndagala za kuuza. Nilipomwomba aliacha kuchambua samaki akanitazama kana kwamba nimeomba meno yake.

"Gunia langu! Kubandika ukuta! Kwa yule muntu wa kuokota?"

"Nitalirudisha, Nkambo."

"Unatafuta nini pale? Sisi tulipaka chokaa ile kwa mikono yetu. Mupaka chokaa hapendi kukwanguliwa." Akarusha kichwa cha samaki kwa paka wa jirani. "Lirudi. Ndagala hazingoji marehemu."

Jumatatu nilitoka shule nikaenda moja kwa moja, iniforme ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko kichwani. Mchoraji alikuwa amekwisha kufika asubuhi, kama tulivyopatana, gunia nilimwachia nikienda shule. Alikuwa amelibandika. Lilikuwa pale nyuma ya mlango usiokuwepo tena, limekakamaa kwa uji wa muhogo, jua limelipiga tangu saa nne. Sehemu ya juu ilikuwa imekauka, kavu kabisa, ukiigonga inalia. Sehemu ya chini ilikuwa bado baridi.

"Tungoje," alisema.

Tulingoja tumekaa juu ya fremu ya dirisha, miguu majini. Alivuta sigara moja kwa kuikata mara mbili. Hakuniuliza habari za shule, nilimshukuru kwa hilo. Huko nje ziwa lilikuwa shwari, halina haja na sisi. Nilikuwa nimechukua kamba ya kupimia. Mpango wangu ulikuwa hivi: akishavuta, nitaweka alama pale kichwa kilipoishia, nitachimba mchanga kwa sahani mpaka sementi, nitanyoosha kamba. Kisha nitajipima. Nilikwisha kufikiria mpaka fundo nitakalolifunga kwenye kamba, na pale nitakapoificha.

"Bon," alisema. "Shika chini. Mimi juu. Usivute kwa nguvu. Fuata mkono wangu."

Akaanza pembeni. Mwanzoni kulikuwa na sauti kama ya kupasua kanga mpya, na kipande kikubwa kilifunguka, na nikaona bluu. Bluu ya mama! Miaka tisa nilikuwa sijaiona, na ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka, ya bei rahisi zaidi. Nikafikiri, imewezekana. Tukashuka kidogo. Na hapo sauti ikabadilika. Haikupasuka tena, ikawa inanyonya. Bluu ikaanza kutoka kama maziwa yaliyoganda, ikateleza chini ya kitambaa, chokaa ikateleza juu yake, na katikati yao, pale ambapo mstari ulikuwa umekaa miaka yote hiyo ukilindwa na weupe wa mashangazi, makaa yakakutana na uji na maji.

"Ngoja, ngoja, ngoja," alisema. "Usivute."

Sikuwa navuta. Gunia lilijivuta lenyewe, zito, likaanguka juu ya mikono yetu.

Tulilitandaza kwenye fremu ya dirisha. Hakukuwa na mstari. Kulikuwa na kijivu, kilichosambaa kutoka katikati kwenda pembeni, kama moshi, na vipande vya bluu vimeelea ndani yake. Niligeuka nikatazama ukuta. Ulikuwa wa njano, ile njano ya ugonjwa, safi, inang'aa, kana kwamba babu ameipokea nyumba leo.

Mchoraji alikuwa mtu mzuri, nitamwandika hivyo. Hakusema pole haraka. Aliinama akachunguza gunia, akachunguza ukuta, akapitisha kidole.

"Labda tumebandika juu sana," alisema. "Labda kichwa kiko chini ya hapa, bado kiko ukutani. Ulipokuwa unachora, ulikuwa na miaka mingapi?"

"Sita."

"Na alikuwa amesimama?"

"Ameegemea ukuta."

"Sasa wewe wa miaka sita, ulifikaje kichwani? Ulipanda juu ya nini?"

Nilifungua mdomo niseme kiti. Lakini chumba kile hakikuwa na kiti. Viti vilikuwa viwili na vilikuwa saluni, sebuleni, vya wageni, nilikatazwa kuvigusa. Hata ndoo haikuwepo. Nilisimama sakafuni, miguu mitupu juu ya sementi, naikumbuka ile baridi. Na mdomo wa mama ulikuwa karibu na sikio langu. Nilisikia pumzi yake, ina harufu ya karanga. Mdomo wa muntu mzima aliyesimama haufiki sikioni mwa mtoto wa miaka sita.

Alikuwa amekunja magoti. Alijiteremsha ukutani, mgongo ukishika bluu, mpaka akawa wa kimo changu, ili niweze.

"Harakisha, mama," aliniambia akicheka, ndivyo alivyoniita, "miguu inawaka."

Hata hayo maneno sasa hivi ninapoyaandika sijui kama niliyakumbuka pale au niliyabandika. Sauti si yake. Nimejaribu kuisikia na inakuja na sauti ya Nkambo, ao ya mwalimu wa historia.

 Nilimtikisia mchoraji kichwa: sikupanda juu ya kitu. Basi hata kama ukuta ungekuwa mkavu, hata kama mstari ungetoka mzima, mweusi, wenye kichwa na mabega, ungekuwa mstari wa muntu aliyekunja magoti. Ungenidanganya, na mimi ningefunga fundo kwenye kamba na kuuamini uongo ule maisha yangu yote. Kumbe bega lile la Jumamosi lilikuwa chini ya kifua changu si kwa ajili ya mchanga peke yake.

"Nipe mimi kipande hiki," alisema kwa upole. "Nitakiweka mahali pa nyumba yenu. Atakaa pale. Watu watapita, hawatajua, lakini weye utajua."

Niliangalia kijivu kile. Nilijaribu kumwona ndani yake, kwa heshima ya mchoraji nilijaribu kweli. Ilikuwa masizi na unga.

"Gunia ni la Nkambo," nilisema.

Jioni nilimuuliza baba kama aliwahi kuona mama akinifundisha kuchora ukutani, siku ile ya makaa. Alikuwa anakula. Alitafuna mpaka akamaliza.

"Sikuwako. Nilikuwa Kabalo, kwa kazi, miezi yote ile." Kisha, kwa sababu niliendelea kumtazama, alisimama katikati ya chumba, akaweka kiganja kwenye sikio lake. Akakishusha begani. Akakipandisha tena kidogo. Kiganja kikabaki hewani bila kutua, na uso wake ukawa wa muntu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Akakaa chini.

"Bado na urefu?" Nkambo aliniuliza. "Kula, mutoto. Gunia langu liko wapi?"

Siku ya pili niliamka kabla ya baba. Nilimwaga maji ndani ya beseni, nikaloweka gunia, nikalisugua kwa sabuni ya mawese. Maji ya kwanza yalikuwa meusi. Ya pili yalikuwa ya kijivu, na vipande vya bluu vilizama chini, vidogo kama magamba. Ya tatu yalikuwa maji. Niliyamwaga yote nyuma ya choo, nikalitandaza gunia juu ya mawe. Nkambo alitoka na ndoo yake, akalipapasa kama limekauka, akamwaga ndagala, nami nikazitandaza kwa kiganja zisilaliane. Halafu nikavaa iniforme, nikaenda shule.